Mfagiaji Aliyekiita Chuo Gorong'a

Ahimidiwe Mungu aliye hai, aliyemuumba ng'ombe na akamuumba na kupe, ambaye mbele zake hakuna kiumbe kidogo. Amenipa siku nyingi kuliko nilizoomba, na macho yangu bado yanasoma jua likiwa juu. Kwa shukrani hiyo naandika habari za mtu niliyekaa naye jirani huko Gorong'a, upande wa Tarime, miaka ile ya hamsini, nilipokuwa mwinjilisti wa kanisa letu la nyasi. Waliobaki wanaomkumbuka ni wachache, na wengi wao wanakumbuka koti lake tu.

Koti lenyewe lilikuwa la kaki, lenye vifungo vya shaba alivyovisugua kwa majivu kila Jumamosi. Alipewa Chuoni. Aliposema Chuo alikuwa na maana ya kile chuo kikuu cha ng'ambo ya ziwa, ambacho sisi wengine tulikisikia kama watu wanavyosikia habari za mlima wenye theluji. Alifanya kazi huko miaka mingi sana, akarudi na koti hilo, ufagio wa nyuzi ngumu, na sanduku la chupa tupu zilizofungwa kwenye nyasi zisivunjike. Hakuwa mwanafunzi wala hakujidai kuwa mwanafunzi. Alifagia chumba cha wadudu na kuosha vioo vya darubini. Watu walimwita Mzee wa Chuo, wengine kwa heshima, wengine kwa dhihaka, naye aliwaitikia wote kwa sauti ileile.

Waliomdhihaki walikuwa na kiongozi wao, mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote. Nitamwita Mwenye Zizi. Huyo alipenda kusema mbele za watu, "Jamani, huyu amefagia nyayo za wasomi, leo anatufundisha ng'ombe."

Mzee wa Chuo alimjibu siku moja, bila kupandisha sauti. "Ni kweli nilifagia. Na wale wasomi, walipokuwa wakisema, maneno mengine yaliwadondoka chini. Unafikiri aliyeyaokota ni nani?"

Niseme mapema alichokitaka. Ndama wetu walikuwa wanakufa. Anazaliwa ndama mzuri, ananyonya, anarukaruka, na kabla hajaota pembe anavimba tezi chini ya masikio, anahema, macho yanachuruzika, na kwa siku chache amekwisha. Nyumba moja iliweza kupoteza ndama wake wote wa mwaka. Na kwetu sisi ndama ni maziwa ya mtoto, ni mahari ya kijana, ni jina la mtu mbele za wenzake. Mzee wa Chuo aliujua ugonjwa ule kuwa ni ndigana kali. Alijua kuwa unaletwa na kupe wakaao masikioni, na alijua kwamba huko Chuoni wako watu ambao kazi yao ni kuuchunguza kwa darubini. Alitaka watu hao waje Gorong'a, wakae, waangalie, watuambie la kufanya. Hakutaka kingine.

"Kile Chuo kimekula jasho langu," aliniambia. "Sasa kije kinywe maji yetu."

Alikuwa na swali moja ambalo alimwuliza kila mtu, mkubwa kwa mdogo: "Umeangalia?" Ukimwambia mvua haitanyesha wiki hii, atakuuliza umeangalia. Ukimwambia mke wa fulani ni mchawi, ndivyo hivyo hivyo, na hapo uso wake ulikuwa mkali. Mimi mwenyewe nilipata kuaibika. Ulezi wangu ulikuwa unapungua ghalani, na nilikwisha kumshuku mtoto wa jirani moyoni mwangu, hata nikaacha kumwitikia mama yake salamu. Mzee wa Chuo akaniambia nimwage majivu sakafuni mwa ghala na nisimwambie mtu. Asubuhi nilikuta alama za miguu, wazi kama maandishi. Zilikuwa za kuku wetu wenyewe, walioingia kwa tundu la nyuma. Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba radhi, naye hakujua hata kosa nililomkosea. Alinipa maziwa, nikayanywa kwa uchungu.

Swali hilo alilileta mpaka kanisani. Wazee wa kanisa walinung'unika, wakasema mtu wa kuuliza hivyo hana imani. Nami nilimfuata nimwonye. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwinjilisti, yule Tomaso alikuwa mtu wa Chuo."

Nikamwambia Bwana alimkemea Tomaso.

"Alimkemea baadaye. Kwanza alimwonyesha mikono. Hakumfukuza."

Nilirudi nyumbani nikaisoma tena sura hiyo, nikaiona ndivyo ilivyo. Tangu siku hiyo nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nimemshukuru Mungu kwamba fundisho lile lilinijia kupitia mtu mwenye ufagio.

Asidhani msomaji kwamba nilikaa na malaika. Alikuwa mkali wa kuosha mikono, angeweza kukukatalia uji kama hukunawa, na hapo hapo anachovya kidole kisichooshwa kwenye ugoro wake. Hakujua kusema asante. Ukimpa kitu alikigeuzageuza kama anakitafutia kasoro. Na yeye aliyedai kila jambo liangaliwe, akisikia ndege fulani mdogo analia upande wake wa kushoto alikatisha safari akarudi nyumbani. Siku moja tulikuwa tunakwenda Tarime mjini, ndege akalia, naye akageuka.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mzee kwa Kikurya, kama kijana tunavyomwita mura, "na huyo umemwangalia?"

"Huyo nimemwangalia miaka arobaini, mura. Ndiyo maana narudi."

Nikaenda peke yangu. Sikupatwa na lolote, nami nilipomweleza hivyo jioni alisema ndege hakulia kwa ajili yangu.

Barua za kukiita Chuo nilimwandikia mimi. Yeye alisoma maandishi ya chapa, polepole, kwa kidole, lakini mkono wake haukuzoea kalamu. Ya kwanza alinitamkia akiwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote: "Kwa Mkuu wa Chuo. Mimi ni yule aliyefagia chumba cha wadudu. Mnanifahamu. Huku kwetu ndama wanakufa. Njooni." Nikataka kuongeza maneno ya heshima, akakataa. Alisema wasomi huruka maneno ya heshima, hutafuta jambo liko wapi.

Haikujibiwa. Tuliandika ya pili baada ya mavuno, na hiyo ilijibiwa kwa bahasha nene. Alinitazama nikiifungua kama mgonjwa anavyomtazama mganga. Ndani kulikuwa na fomu ya kuombea nafasi ya masomo. Karani fulani, nadhani, aliona neno Chuo na neno njooni, akajua huyu naye ni mwombaji. Fomu iliuliza jina, umri, shule aliyosoma. Nilimtafsiria mpaka mstari wa masomo anayotaka kusoma.

"Andika ndama," akasema.

"Tata, hii ni ya vijana wanaotaka kwenda kusoma."

"Nimeelewa ni ya nini. Wameuliza, jibu. Andika ndama."

Niliandika. Hatukuituma, aliitundika ukutani juu ya kitanda chake kwa miiba minne, na wageni wakiuliza aliwaambia ni barua kutoka Chuoni, jambo ambalo halikuwa uongo.

Kisha akabadilisha njia. Alisema Chuo ni kama ng'ombe mvivu wa kutoka zizini, ukimwita hasikii, lakini ukimwonyesha chumvi atakuja. Chumvi ya watu wa chumba cha wadudu ni wadudu. Tukusanye kupe wa Gorong'a, wa kila nyumba, kila nyumba chupa yake na karatasi yake, tuwapeleke ng'ambo. Chupa alikuwa nazo. Kilichokosekana ni maji makali ya kuwahifadhi kupe wasioze, na maji hayo huku kwetu yalikuwa ya aina moja tu, nayo ni gongo.

Mzee wa Chuo hakunywa kitu chochote, na kwa hiyo unaweza kufikiri kazi ya kununua ingekuwa yake. Lakini wapikaji walipoona lile koti la kaki na vifungo vya shaba walidhani ni tarishi wa serikali, wakakimbilia migombani. Alijaribu mara mbili, akakuta mioto inawaka na watu hakuna. Kumwambia avue koti ilikuwa kama kumwambia avue ngozi. Basi nikaenda mimi, mwinjilisti, na kibuyu chini ya kanzu.

Mama aliyeuza alinitazama sana. "Mwinjilisti, hata wewe?"

"Mama, ni ya kupe."

"Wote husema hivyo. Wiki iliyopita mmoja aliniambia ni ya kusugua goti."

"Nasema kweli. Natia kupe ndani."

"Tia unachotaka, baba. Mimi nimepika tu." Akanijazia, na kwa huruma akaniongeza kidogo.

Habari ilimfikia mchungaji kabla sijafika nyumbani. Aliniita, nikaenda na chupa moja ambayo tayari ilikuwa na wakazi wake. Mchungaji akanusa, akaishika juu ya mwanga, akaona kupe wanaelea na miguu yao imekunjwa. Akaigeuza juu chini. Mwisho akasema, "Nani basi angeweza kuinywa hii?" Akaniruhusu kuendelea kwa sharti kwamba gongo isivuke kizingiti changu bila kupe ndani.

Watu walileta kupe. Hapo nataka kusema kwa fahari jinsi walivyoleta, halafu niseme kwa aibu. Walikuja kutoka Gorong'a yote, wengine mpaka kutoka Susuni ambako Mzee wa Chuo alikuwa na shemeji. Walileta kupe kwenye majani, kwenye vibuyu vya ugoro, kwenye kisanduku cha viberiti. Waligombea nani chupa yake itangulie. Mimi niliandika karatasi: mwenye ng'ombe, mahali, ng'ombe gani. Fahali mweusi mwenye baka. Fahali mwekundu. Maksai mkubwa. Kupe wenyewe walikuwa wanono kama mbegu za mbono. Mwenye Zizi, yule mpinzani, alileta kupe wa fahali wake anayejulikana mpaka ng'ambo ya mto, akanisimamia nisikosee kuandika rangi. Sanduku likajaa. Mzee wa Chuo alilisindikiza kwa lori mpaka Musoma, akalikabidhi kwa mpishi wa meli waliyefahamiana tangu siku zake za kuvuka ziwa.

Safari hii jibu lilikuja, na lilitoka kwa mwalimu wa wadudu mwenyewe. Nililisoma mbele ya nyumba ya Mzee wa Chuo, watu wamekaa chini wakisubiri. Mwalimu alishukuru sana. Alisema kupe wamefika salama na wamehifadhiwa vizuri. Kisha aliandika hivi: amesoma karatasi zote, na kwa mujibu wa karatasi hizo hakuna kupe hata mmoja aliyetoka kwa ndama. Wote wametoka kwa mafahali na maksai wenye afya. Je, ndama wenu wanaugua kweli?

Watu walitazama chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mmoja wetu alifikiri chupa ile inakwenda kuiwakilisha nyumba yake mbele ya watu wakubwa, na nani ataiwakilisha kwa ndama mwenye makamasi? Mtu akitaka kujulikana hutoa fahali wake. Tena ndama mgonjwa kwetu hakuonyeshwa. Alifichwa ndani, nyuma ya jiko, kwa sababu jicho la mgeni humaliza kilichobaki. Tulikuwa tumekipelekea Chuo sifa zetu ndani ya gongo.

Nilitegemea Mzee wa Chuo atafoka. Alikaa akitazama mikono yake. Akasema, "Kosa ni langu. Huko nilikuwa naosha chupa. Sikuwahi kuuliza waliomo walitoka kwa nani." Halafu akasimama, akaenda kufagia uwanja wake, na nilijua kwa namna alivyokuwa akifagia kwamba hajashindwa.

Mwalimu yule alikuwa ametuma pia vipande vya kioo kwenye kisanduku cha mbao. Alitaka tuchome sindano kwenye tezi la ndama mgonjwa, tupake kile kinachotoka juu ya kioo, tukaushe, tumpelekee, na akikuta ugonjwa atakuja. Aliandika neno hilo, nitakuja. Kupaka kioo Mzee wa Chuo alijua. Alikuwa ameona maelfu yakipakwa kabla ya yeye kuyaosha. Alichokosa ni ndama. Wa kwake mwenyewe walikuwa wamekwisha kufa wote msimu ule.

Akaomba kusema kwenye ritongo, ule mkutano wetu ambao watu wote wa eneo hukaa na kuamua mambo. Alisimama katikati na koti lake, akaeleza. Mwenye Zizi akanyanyuka.

"Tumekuelewa. Unataka tutoe wagonjwa wetu waziwazi, wachomwe sindano mbele za watu, halafu aibu yetu ivuke ziwa kwa meli, na majina yetu juu yake."

"Ndiyo," akasema Mzee wa Chuo.

Watu wakacheka. Mwenye Zizi akangoja kicheko kiishe. "Na wakifa baada ya kuangaliwa?"

"Watakufa hata wasipoangaliwa. Wewe umezika wangapi mwaka huu?"

"Wangu hawafi."

"Basi una bahati. Nasema na wale ambao wa kwao wanakufa. Nitakaa nyumbani kwangu kesho, na keshokutwa, na siku zote mpaka mvua. Vioo ninavyo. Anayetaka atanikuta."

Alikaa siku ya kwanza, hakuna aliyekuja. Ya pili, hakuna. Nilipita kwake kila asubuhi nikamkuta amevaa, vioo vimepangwa juu ya kitambaa cheupe, sindano imechemshwa. Alinisalimu, hakuniuliza kitu. Nami nilikuwa na ndama wawili nyuma ya jiko langu, mmoja hawezi kusimama. Na kwenye karatasi ya chupa yangu nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu mzuri: maksai wa mwinjilisti, mweupe. Nilihubiri Jumapili hiyo juu ya kuungama. Mungu anisamehe.

Siku ya nne alikuja mjane mmoja kutoka ukingo wa mto. Alikuwa na ng'ombe mmoja na ndama wake mmoja, basi. Ndama huyo ndiye angekuwa maziwa ya wajukuu aliokuwa akiwalea. Alikuja mchana kweupe, kwa njia ya sokoni, amembeba ndama shingoni kama mtu anavyobeba mzigo wa kuni, na watu wakamfuata kuona. Akamlaza juu ya nyasi.

"Mama, umepita sokoni mbele ya wote hao?" akauliza Mzee wa Chuo.

"Nipite wapi? Sina fahali wa kujivunia, nitaficha nini? Choma."

Akachoma. Mikono iliyosemwa haijui kalamu ilitulia kama jiwe. Akapaka kioo, akakipungia hewa, akanitazama. Nikaandika karatasi: ndama jike, miezi mitatu, na jina la yule mama. Mama akauliza nimeandika nini, nikamsomea, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hapo sikuweza tena. Nikasimama mbele ya watu waliokuwa wanatazama, nikasema nina ndama wawili wagonjwa nyumbani na nimewaficha, na kupe niliowapeleka ni wa maksai asiye na shida yoyote. Nikaenda kuwaleta. Nimehubiri maisha yangu yote, lakini sidhani kama nimewahi kuhubiri vizuri kama njia ile ya kutoka jikoni kwangu mpaka kwake, ndama mkononi. Hata hivyo nilikuwa wa pili. Mjane alinitangulia, na imeandikwa hivyo.

Wengine wakafuata. Kabla ya wiki kwisha alikuja hata Mwenye Zizi, jioni, na ndama watatu waliofunikwa nguo mgongoni. Mzee wa Chuo alimwonyesha pa kuwalaza. Alichemsha sindano tena.

Ndama wa mjane alikufa. Mmoja wa kwangu pia. Mzee wa Chuo alikwenda kwa yule mama akakaa naye mchana mzima, yeye asiyejua kusema asante wala pole, na alipoondoka alimwachia mtamba wake, ng'ombe jike pekee aliyebaki zizini kwake. Mama alikataa. Akamwambia, "Huyu si zawadi. Mtunze, tuone masikioni mwake pataota nini." Kwa njia hiyo alipokea.

Vioo vilivuka ziwa, na kiangazi kilichofuata Chuo kilikuja. Kilikuwa mwalimu mmoja na wanafunzi wawili, wamepanda lori la pamba. Walilala darasani, walikula ugali wa ulezi, walikunywa maji yetu yakawasumbua matumbo kwa siku mbili. Walikwenda kila zizi, na hakuna aliyewafichia. Walifika mpaka Natta, karibu na mbuga, kuona ng'ombe wanaochungwa karibu na nyumbu. Mzee wa Chuo aliwatangulia kila mahali, na wakiingia zizini alisema, "Chuo kimefika," kama mtu anayemtambulisha ndugu yake. Walitufundisha kuwatenga ndama na nyasi ndefu na kuwatoa kupe masikioni kila siku, na mwalimu alikwenda mwenyewe bomani kusema habari ya josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Josho lilichukua muda, lakini lilijengwa. Ndama hawakuacha kabisa kufa. Walianza kukua, wengi, na mtu aliweza tena kumpa ndama jina siku ya kuzaliwa.

Nilimwona Mzee wa Chuo kwa mara ya mwisho akiwa na nguvu za kusema mwaka uliofuata, kabla ya mvua za masika. Miguu ilikuwa imevimba, hatoki nyumbani. Mmoja wa wale wanafunzi, kijana wa upande wa Bukoba, alikuwa amerudi peke yake kwa sababu alikuwa ameahidi. Alileta maandishi ya Chuo juu ya kazi ile, yamepigwa chapa, kurasa nyingi. Aliniomba nikae, akamsomea Mzee wa Chuo akiyageuza kutoka Kiingereza. Mzee alisikiliza amefumba macho. Yalikuwemo masikio ya ndama, na nyasi, na mto wetu kwa jina lake. Kijana akafika mwisho.

"'Waandishi wanawashukuru wenyeji wa sehemu hizo kwa msaada wao.'"

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Wenyeji ndio nani?"

"Ni nyinyi, mzee. Watu wa hapa."

"Nimeuliza ni nani."

Kijana akanitazama. "Mzee, si desturi ya maandishi haya kutaja mtu mmojammoja."

"Kupe mmemtaja?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa jina?"

"Kwa majina mawili. Ya Kilatini."

Mzee wa Chuo akafumbua macho. "Kupe ana majina mawili. Na aliyebeba ndama wake kupita sokoni hana hata moja. Toa kalamu."

Kijana akaitoa. Nilileta karatasi zangu za zamani, nikamsomea, naye akaandika kwa wino pembeni mwa ukurasa ule wa mwisho, kwa mwandiko mdogo. Jina la mjane likatangulia. Langu la pili. Ukurasa ulipojaa akaendelea nyuma yake. Nilipofika kwa Mwenye Zizi nikasita, Mzee wa Chuo akasema, "Muandike. Alileta watatu." Tuliandika mpaka karatasi zangu zikaisha, na kijana akaahidi kuurudisha ukurasa ule ng'ambo na kuuweka pale yanapowekwa maandishi ya Chuo.

"Na lako, mzee?" akauliza. "Nimebakiza nafasi hapa juu."

"La kwangu halihusu. Hapo mnawaandika waliokisaidia Chuo. Mimi ni wa Chuo."

Kijana akafunga kalamu yake. Alikuwa amekwisha kumwamkia asubuhi alipofika, lakini alisimama, akainama mbele ya kitanda kile, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika Mzee wa Chuo, akamwonyesha maziwa yalipo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu anayewajua walio wake mmojammoja akutaje wewe kwa jina lako. Akupe moyo wa kutoa nje kile ulichokificha kwa aibu, na jirani wa kukupokea utakapokileta. Abariki nyumba yako, na watoto wako, na kila kinachozaliwa zizini mwako. Amina.